Mifugo na majira ya mwaka: juu ya nini mbuzi anakonda wakati masomo yanafunguliwa

Kila mwaka masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa. Na ni mwezi huo huo mbuzi wa Sanga na wa vijiji vingine vya eneo la Kamina wanakuwa wamekonda sana. Mzazi anafunga mbuzi yake kamba, anampeleka sokoni. Mnunuzi anamshika mgongo, anahesabu mbavu, kisha anataja bei. Mzazi anaona bei ni ndogo, lakini atafanya nini? Mtoto anangoja kalamu, daftari na makuta ya masomo. Anauza.

Bei ile haitoki kwa ubaya wa mnunuzi peke yake. Inatoka kwa miezi mine au mitano ambayo mvua haikunyesha. Katika makala hii tunaeleza namna hali ya hewa inagusa mifugo ya huku kwetu: mbuzi, kondoo, kuku, nguruwe, na ng'ombe kwa wale wanaowafuga. Tunaeleza pia kazi gani ifanywe mwezi gani, ili hasara ipungue.

Ukame wa mbali na shida ya hapa

Mara nyingi tukisikia kwenye radio kwamba hali ya hewa inaua mifugo, habari inatoka mbali. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia walikosa mvua misimu mitano mfululizo. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Mwaka wa 2024, majirani zetu wa Zambia walitangaza ukame kuwa janga la taifa.

Huku Haut-Lomami mambo ni tofauti. Mvua inarudi kila mwaka, majani yanaota marefu kuliko mtu, na mito haikosi maji. Ndiyo maana wengi wanafikiri hali ya hewa si shida ya mifugo yetu. Lakini inaua, isipokuwa inaua polepole na kwa zamu. Kiangazi kinaleta njaa na kideri. Joto la mwisho wa kiangazi linachokesha nguruwe na kuku. Mvua inaleta minyoo, kupe na kikohozi. Kila majira yana muuaji wake. Mfugaji anayengoja kumuona ndipo aanze kazi, amechelewa.

Mvua yetu inafuata jua

Kamina iko kusini ya ikweta, kwenye uwanda wa juu unaopita mita 1,000 juu ya bahari. Mkanda wa mvua wa Afrika unafuata jua. Jua likiwa upande wetu, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, mkanda huo unashuka mpaka huku na mvua inanyesha. Mwezi wa sita na wa saba jua liko kaskazini, mvua inalifuata, na sisi tunabaki na upepo mkavu unaotoka kusini-mashariki.

Kwa kawaida mvua inaanza mwisho wa mwezi wa tisa au ndani ya wa kumi, na inaisha kuelekea mwisho wa mwezi wa nne. Kuanzia wa tano mpaka wa tisa ni kiangazi. Mwezi wa sita na wa saba mbingu haina mawingu, kwa hiyo joto la mchana linatoroka usiku na baridi inauma kweli. Mwezi wa tisa na mwanzo wa wa kumi, mbele ya mvua kushika vizuri, ndipo joto linakuwa kali.

Kiangazi: tumbo limejaa, mwili una njaa

Mtu anaweza kushangaa: mbona majani makavu yako mengi na mbuzi anakonda? Jibu liko ndani ya jani. Jani likiwa changa lina protini ya kutosha. Likikauka, protini inapungua sana, kinabaki kijiti. Nyama wanaocheua, kama mbuzi, kondoo na ng'ombe, wana vijidudu tumboni vinavyowasaidia kuvunja majani. Vijidudu hivyo navyo vinahitaji kulishwa. Protini ikishuka chini ya sehemu saba kwa mia, vinakosa nguvu, na majani yanakaa tumboni bila kuvunjika vizuri. Basi nyama anashiba na huku anakonda.

Mbuzi ana bahati kuliko ng'ombe na kondoo, kwa sababu anakula pia majani ya miti, na miti inabaki na kijani hata majani ya chini yakikauka. Lakini hapo tunakuta moto wa pori. Kila kiangazi watu wanachoma: wengine wanawinda, wengine wanasafisha shamba, wengine wanataka majani mapya yaote. Ni kweli, kisha moto kupita, majani machanga yanachipuka na ng'ombe wanayapenda. Wafugaji wakubwa wa Katanga wamechoma hivyo tangu wakati wa Wabelgiji.

Tofauti iko kwa wakati. Moto wa mwezi wa tano au mwanzo wa wa sita unakuta majani bado yana maji kidogo. Unapita haraka, unaacha sehemu zingine, na miti inapona. Moto wa mwezi wa nane au wa tisa unakuta kila kitu ni kikavu. Unakula mpaka majani ya miti na mizizi ya juu. Majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, yalionyesha hivyo: pori lililochomwa kila mwaka mwisho wa kiangazi lilipoteza miti yake na kubaki nyasi, na lile lililochomwa mapema lilibakiza miti mingi. Kwa mfugaji wa mbuzi, moto wa mwezi wa nane unachoma chakula cha mwezi wa tisa.

Chakula cha kiangazi kinawekwa mwezi wa nne

Kuna chakula kizuri tunachokiacha kioze shambani. Majani ya karanga na ya kunde, kisha kuvuna, yana protini nyingi kuliko nyasi kavu. Yaanikwe kivulini siku mbili au tatu mpaka yavunjike mkononi lakini yabakie na rangi ya kijani, kisha yafungwe na kupandishwa juu ya kichanja, mbali na maji na mchwa. Jua kali likiyachoma mpaka yawe meupe, nguvu inapotea.

Hesabu si ngumu. Mbuzi mmoja akipewa nusu kilo kila jioni, juu ya kile anachokipata porini, kwa siku 90 anahitaji kilo 45. Mbuzi watatu ni kilo 135. Hata ukipata nusu yake tu, mpe kwanza mbuzi mwenye mimba na yule anayenyonyesha.

Maganda ya muhogo nayo yanasaidia, lakini muhogo mchungu una sumu. Maganda mabichi yanaweza kumuua mbuzi au nguruwe siku ile ile. Yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa ndipo yatolewe. Yakiota ukungu, yatupwe. Na chumvi isisahauliwe: kipande cha chumvi ya mawe au chumvi ya jikoni kidogo kinamfanya nyama ale na kunywa vizuri.

Maji ni jambo lingine. Mbuzi mkubwa anahitaji lita mbili mpaka tano kwa siku, kufuatana na joto na chakula. Ng'ombe anaweza kupita lita 30. Nguruwe anayenyonyesha anaweza kumaliza ndoo nzima na zaidi. Wakati wa mvua wanapata maji ndani ya majani mabichi, kiangazi hawapati. Nyama asiyekunywa anaacha kula, hata umwekee chakula kizuri namna gani.

Baridi, vumbi na kideri

Wamama wengi wanajua jambo hili bila kufundishwa: kiangazi kikikomaa, kuku wanaanza kusinzia, wanaharisha kijani, shingo inapinda, na ndani ya juma moja uwanja unabaki mtupu. Watu wanasema ni upepo au ni vumbi. Ugonjwa wenyewe ni kideri, unaoitwa pia Newcastle, na unaletwa na virusi. Upepo hauutengenezi. Lakini majira yanaufungulia mlango: kuku wana njaa, baridi ya usiku inawachokesha, na huo ndio wakati watu wanasafiri na kuuza kuku kijiji kwa kijiji. Kuku mmoja aliyenunuliwa sokoni anatosha kumaliza wote.

Kideri hakina dawa. Mtu anayekuuzia vidonge vya kukitibu anakula makuta yako bure. Kinachosaidia ni chanjo kabla ugonjwa haujaingia. Kuna chanjo inayoitwa I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa kijijini. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, hata hivyo iwekwe mahali pa baridi na isipigwe jua. Tanzania wameitumia sana. Ni tone moja jichoni, kwa kuku mkubwa na kwa kifaranga vilevile, kila miezi mine. Ukichagua mwezi wa pili, wa sita na wa kumi, ile ya mwezi wa sita inawakinga kuku wako mbele ya hatari ya kiangazi. Kijiji kizima kikichanja siku moja, chupa moja inatosha nyumba nyingi na bei inakuwa nyepesi kwa kila mtu. Usichanje kuku aliyekwisha kuugua.

Vifaranga wadogo nao baridi inawamaliza. Juma la kwanza wanahitaji joto la digri 32 mpaka 35, na usiku wa mwezi wa sita hauko karibu na hapo. Sanduku lenye majani makavu, lililozibwa upande wa kusini-mashariki ambako upepo unatokea, linaokoa wengi.

Joto la mbele ya mvua

Kuku hana jasho. Nguruwe naye karibu hana. Binadamu akisikia joto anatoka jasho na anapoa. Kuku anafungua mdomo na kuhema, nguruwe anatafuta potopoto alale. Ukiona kuku wanahema mabawa wazi saa ya mchana, wanapigana na joto. Wanaacha kula, mayai yanapungua. Nguruwe mwenye mimba anaweza kupoteza watoto.

Nyumba ya manjanja isiyo na kitu juu yake inageuka chungu cha moto. Tandaza majani makavu juu ya manjanja, uyafunge yasipeperuke. Jenga kibanda urefu wake ukielekea mashariki na magharibi, ili jua lisiingie pembeni asubuhi na jioni. Acha mti wa kivuli. Na usiwasafirishe nyama juu ya baiskeli au gari saa sita mchana. Safari ya alfajiri inawafikisha wakiwa hai.

Mvua: majani mengi, wadudu wengi

Mvua ya kwanza ikinyesha, watu wanashangilia, na mifugo pia. Lakini mwili uliokonda haupigani vizuri na magonjwa, na mvua inaamsha yote mara moja.

Minyoo. Mayai yao yanatoka na mavi, yanaanguliwa kwenye ardhi yenye maji, na vitoto vya minyoo vinapanda juu ya majani yenye umande. Mbuzi anayefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi anavila. Ngoja umande ukauke ndipo umfungue. Mpe dawa ya minyoo mwanzo wa mvua na mwisho wa mvua. Mara hizo mbili zinasaidia kuliko kumpa ovyo ovyo, juu minyoo nayo inazoea dawa. Dalili: macho na fizi kuwa meupe, uvimbe chini ya taya, kuharisha.

Kupe. Kupe mkubwa wa masikio ya ng'ombe anatoka kwa wingi mvua ikishaanza, na ndiye anayeleta ndigana. Kuogesha au kunyunyizia dawa kuanze na mvua za kwanza, si pale ng'ombe anapoanguka.

Kikohozi na kuoza kwato. Mbuzi anachukia maji kuliko nyama wote wa nyumbani. Akifungwa kamba shambani siku nzima juu ya kulinda mahindi, mvua ikamkuta pale pale, usiku anakohoa. Kibanda kilichoinuliwa kutoka chini, chenye sakafu ya miti iliyoachana kidogo ili mavi na mkojo vianguke, kinapunguza kikohozi, minyoo na kwato kuoza kwa pamoja. Ni kazi ya kiangazi, wakati miti na nguvu vipo.

Radi. Congo ni kati ya nchi zinazopigwa radi nyingi duniani, na kila mvua tunasikia ng'ombe au mbuzi wamekufa kadhaa pamoja chini ya mti. Mara nyingine kijiji kinaanza kumtafuta aliyeituma, na mzee fulani anahatarisha maisha yake. Sababu iko wazi. Mti mrefu uliosimama peke yake unavuta radi. Umeme unashuka, unatembea ardhini, unapanda mguu mmoja wa nyama na kushukia mwingine. Kwa kuwa miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali, umeme unapita kifuani. Ndiyo maana wanakufa wote pamoja bila mti kuwaangukia. Usiwafunge chini ya mti wa peke yake wakati wa mvua.

Magonjwa yasiyongoja majira

Mawili yanaweza kuingia wakati wowote, lakini mwendo wa nyama unaosababishwa na majira unayasambaza. La kwanza ni tauni ya mbuzi na kondoo, ambayo waganga wa nyama wanaiita PPR: homa kali, makamasi, vidonda mdomoni, kuharisha, vifo vingi. Ilionekana kwanza Côte d'Ivoire mwaka wa 1942, na Congo yetu ilikumbwa vibaya mwaka wa 2012. Chanjo yake ipo, na mara moja inakinga miaka mitatu au zaidi. La pili ni tauni ya nguruwe, iliyoelezwa kwanza Kenya mwaka wa 1921. Hiyo haina dawa. Kinga ni kufunga nguruwe ndani ya kibanda, kutowapa mabaki ya nyama ya nguruwe, na kutoingiza nguruwe mgeni bila kumtenga kwanza majuma matatu au mane.

Hesabu ya miezi mitano

Mbuzi anabeba mimba miezi mitano. Aliyepandwa mwezi wa tatu anazaa wa nane. Aliyepandwa wa nne anazaa wa tisa. Hiyo ni miezi ambayo mama hana kitu cha kugeuza kuwa maziwa, na watoto wengi wanakufa au wanabaki wadogo. Basi beberu atengwe mwezi wa tatu na wa nne. Akirudishwa mwezi wa sita, watoto wanazaliwa wa kumi na moja, majani yakiwepo, ilimradi kibanda kiwe kikavu. Hakuna dawa ya kununua hapa, ni kamba moja na kukumbuka tarehe.

Je, majira yanabadilika?

Wazee wanasema mvua haiji tena kama zamani. Wataalamu nao wanaona dunia inapata joto: mwaka wa 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Kwa kusini mwa Afrika wanatazamia mvua kuchelewa kuanza na kunyesha kwa nguvu zaidi ikifika. Kwa mfugaji, mvua kuchelewa majuma matatu ni majuma matatu zaidi ya njaa, kwa nyama ambao wamekwisha kukonda.

Kwa hiyo tusifuate namba ya mwezi peke yake. Tuangalie pia dalili: majani kuanza kugeuka rangi, kisima kushuka, mgongo wa mbuzi kuanza kuchongoka. Mwaka wa 2015 serkali ya Kenya ilianzisha bima ya mifugo inayotazama kwa setilaiti namna malisho yanakauka. Inalipa mapema, ili mfugaji anunue chakula na maji nyama wakiwa bado hai. Sisi hatuna bima hiyo, lakini wazo lake halilipishwi: saidia nyama kabla hajaanguka.

Kazi za mwaka kwa ufupi

Mwezi wa pili: chanjo ya kideri.
Wa tatu na wa nne: tenga beberu, kusanya majani ya karanga na kunde, mwisho wa mvua, dawa ya minyoo.
Wa tano: safisha kuzunguka kibanda na malisho ili moto usiingie.
Wa sita: chanjo ya kideri tena, ziba upepo, rudisha beberu, chagua nyama wa kuuza.
Wa saba mpaka wa tisa: toa chakula kilichowekwa, maji na chumvi, jenga au inua kibanda, weka kivuli.
Wa kumi: chanjo ya kideri, dawa ya minyoo, anza kupiga vita kupe.

Ukiona vifo vya ghafla, usile mzoga wala usiuuze, hasa ukiona damu inatoka puani au kwenye mkundu bila kuganda. Huo unaweza kuwa kimeta, na unaua mtu. Usimchinje wala kumpasua. Mjulishe munganga wa nyama wa eneo au ofisi ya kilimo na ufugaji.

Kuuza mapema, na makuta yakae wapi?

Tunarudi kwa bei ya mwezi wa tisa. Mbuzi wa mwezi wa sita bado ana mwili wa majani ya mvua. Yule yule, akifika mwezi wa tisa bila kusaidiwa, amepoteza kilo, na siku ile wazazi wote wanauza pamoja, kwa hiyo mnunuzi anachagua. Ukiuza mapema, unauza kilo zaidi, na waliobaki wanagawana chakula kidogo kilichopo.

Wengi watajibu: makuta ya mwezi wa sita hayafiki mwezi wa tisa. Ni kweli. Mbuzi ni benki kwa sababu hatafunwi kidogo kidogo kama franka mfukoni. Ndiyo maana kuuza mapema kunahitaji mpango siku hiyo hiyo: kununua daftari na nguo za masomo mara moja, kulipa deni la masomo mbele ya likizo kama masomo yanakubali, au kuweka kwenye likelemba ambayo zamu yako inaanguka mwezi wa nane. Asiye na mpango huo, afadhali abakie na mbuzi wake na kumlisha majani ya karanga aliyoyaweka mwezi wa nne. Njia zote mbili ni nzuri kuliko kungoja masomo yafunguliwe ndipo kuangalia mbuzi amebaki namna gani.